Gauni lisilo na patroni

Hivi karibuni mama mmoja wa Uvira alituandikia barua fupi, yenye hasira kidogo, na haki anayo. Alikuwa amenunua kitenge kizuri, akakipeleka kwa fundi wa jirani ili binti zake wawili washonewe nguo za siku ya kutangaza matokeo ya shule. Fundi akapokea malipo ya kwanza, akawapima watoto, akaandika vipimo ukutani kwa chaki. Majuma matano yakapita. Nguo zilipotoka, ile ya mkubwa ilimbana kwapani hata asiweze kuinua mkono, na ile ya mdogo haikuwapo kabisa. Fundi alisema kitambaa hakikutosha. Siku ya matokeo yule mkubwa, ambaye alikuwa wa tatu darasani, alikaa nyumbani. Jina lake likaitwa, hakuna aliyesimama. Mama anatuuliza: Je, mtu asiyejua kukata kwa patroni anaweza kuwavika watoto wake, au atakaa mlangoni pa fundi siku zote?

Tunamjibu mama huyo hapa mbele ya wote, maana twajua kwamba si yeye peke yake. Anaweza. Liko gauni la mtoto lisilodai patroni hata moja, wala shingo ya kukatwa kwa mviringo, wala mikono ya kuunganishwa, wala vifungo, wala zipu. Ni kipande cha kitambaa chenye pembe nne, kilichovutwa kifuani kwa mistari ya uzi wa mpira, kikaachwa kuanguka huru toka hapo hadi chini ya magoti. Mafundi huyaita hayo marinda ya mpira. Watu wakaao kando ya ziwa, Uvira, Baraka na Kalemie, watalipenda kwa ajili ya joto. Kule Lubumbashi litafaa hasa mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashika. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mtoto wa huko atalivaa, lakini ataomba na sweta.

Kwetu Kongo neno patroni lina maana mbili. Ni bwana mwenye kazi, na ni ile karatasi ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Wote wawili hutia watu woga. Tunawajua akina mama wenye mashini nzuri nyumbani, Singer nyeusi za kuzungusha kwa mkono walizoachiwa na mama zao, nao hawashoni nazo ila mapazia na foronya. Hawaogopi mashini, wanaogopa mkasi. Na woga huo una sababu yake, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudishwi dukani.

Sisi wenyewe hatukuzaliwa na sindano mkononi. Seminari ilitufundisha Kilatini kwa miaka mingi, na katika ushonaji ilitufundisha kurudisha kifungo cha shati, basi. Tulipojaribu gauni hili kwa mara ya kwanza, tulikosea kabla ya kupiga mshono mmoja. Kitenge chetu kilikuwa na picha za mbayuwayu wakubwa kama kiganja. Tukakata, tukashona usiku, na asubuhi mtoto akavaa. Mama yake akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: «Baba watoto, ndege hawa wamekufa?» Kweli, wote walikuwa wamelala ubavu, kama waliopigwa manati.

Tazameni basi kitenge chenu kabla ya kushika mkasi. Kitenge kizima kina yadi 6 za urefu, na upana wake hukaribia sentimeta 120. Huuzwa pia kwa vipande vya yadi 2, yaani sentimeta 183. Picha zake kwa kawaida husimama wima pale mwanamke anapojifunga: urefu wa kitambaa unazunguka kiuno, na upana ndio unaoshuka toka kiunoni hadi miguuni. Gauni la mtoto lifuate njia ileile. Urefu wa kitambaa uzunguke kifua, na upana uwe kimo cha nguo. Sisi tulifanya kinyume, ndiyo maana ndege wetu walikufa. Kama kitambaa hakina picha, au kina maua madogo yaliyotapakaa pande zote, mnaweza kukigeuza mpendavyo.

Kabla ya kupima lo lote, kifueni kitambaa, kikaushwe, kipigwe pasi. Vitenge vingi vya bei rahisi vina wanga mwingi, navyo hupungua sentimeta kadhaa katika maji ya kwanza. Afadhali vipungue vikiwa kitambaa kuliko vipungue vikiwa nguo.

Haya, tupime. Mtoto asimame na shati jepesi, naye apumue kama kawaida, asivute pumzi ili aonekane mwembamba. Pitisheni utepe wa kupimia chini ya kwapa, mzunguke kifua. Kisha pimeni toka kwapani hadi mahali mtakapo gauni liishie. Vipimo ni hivyo viwili, hakuna cha tatu. Asiye na utepe atumie kamba, aipime baadaye juu ya rula ya mwanafunzi.

Tuchukue mfano wa mabinti wawili kama wale wa mama yetu. Mkubwa ana sentimeta 60 za kifua, mdogo ana 52. Kitambaa cha kuvutwa chapaswa kuwa kipana kuliko kifua: mara moja na nusu ndio kidogo kabisa, mara mbili ni marinda mengi mno kwa kitenge, ambacho si chepesi kama pamba ya shati. Tumpe mkubwa mara moja na robo tatu, yaani 105. Tumpe mdogo mara moja na nusu, yaani 78. Wanafunzi wa darasa la tano wanaotusoma wajumlishe: 105 na 78 ni 183. Kipande kimoja cha yadi 2 kimewatosha wote wawili, tena sawasawa! Kama baada ya kufuliwa kimebaki na 180 tu, mpeni mkubwa 103 na mdogo 77, wala hakuna atakayejua. Hilo ndilo jambo jema la gauni hili: mpira husamehe sentimeta mbili tatu ambazo patroni haisamehi.

Kwa kimo, tuseme mkubwa ana sentimeta 60 toka kwapani hadi chini ya goti. Ongezeni 3 za kukunja juu na 5 za pindo la chini, mpate 68. Mdogo ana 45. Kwa nyongeza zilezile mpate 53. Kwa kuwa upana wa kitambaa unakaribia 118 baada ya kufuliwa, juu ya gauni la mkubwa panabaki kipande cha 50 kwa 105, na juu ya lile la mdogo panabaki cha 65 kwa 78. Msivitupe, wala msimpe mtu avifanye vitambaa vya jikoni. Humo mna kanda za mabegani, mna kilemba kidogo cha mtoto, na mna kitu kimoja zaidi chenye maana kuliko vyote, ambacho tutakisema punde.

Tunaomba ruhusa ya kusema neno juu ya vitu viwili vinavyokutana katika gauni hili, pamba na mpira. Wazee wetu walivijua vyote viwili kwa jasho. Katika Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili, lililodumu toka mwaka 1885 hadi 1908, watu wa misitu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mpira, na walioleta pungufu ya kipimo waliadhibiwa kwa ukatili ambao dunia nzima iliusikia. Kisha tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikawalazimisha wakulima wa sehemu nyingi kulima pamba na kuiuza kwa bei wasiyoipanga wao. Bibi mmoja wa nyumba yetu husimulia kwamba baba yake alifungwa siku kadhaa kwa sababu shamba lake la pamba lilikutwa na magugu. Baadaye nguo zilifumwa hapa hapa kwetu, na Utexléo kule Léopoldville, na Filtisaf kule Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na baadaye Sotexki kule Kisangani. Leo vitenge vingi vya sokoni vyatoka ng'ambo: vya gharama vyatoka kwa Vlisco, kampuni iliyoanza mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi, na vya bei rahisi vyatoka China. Bibi yule hushika uzi wa mpira, akauvuta, akauachia, akacheka peke yake. Hatujamwuliza anacheka nini.

Uzi wenyewe ni mwembamba, una kiini cha mpira kilichozungushiwa nyuzi laini. Huuzwa na wachuuzi wa vifungo na zipu, umeviringwa kwenye kadi au kwenye kigogo kidogo. Kabla ya kuununua uvuteni: ukirudi upesi ni mzima, ukirudi polepole, au ukionyesha vijinyuzi vilivyokatika, umekaa juani siku nyingi, mwacheni mwenyewe. Gauni la mkubwa lenye mistari 12 litakula si zaidi ya meta 13.

Sasa ile bobini. Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu la pili. Tuliweka uzi wa mpira kwenye bobini kwa kuzungusha mashini, kama tufanyavyo kwa uzi wa kawaida, nao ukajiviringa ukiwa umevutwa sana. Mistari ya kwanza ikabana kama kamba ya mzigo, na jioni mtoto alipovua gauni tulikuta alama nyekundu kifuani pake. Hakuwa amelia, kwa kuwa alilipenda gauni lake. Tuliona haya kwa ajili ya alama zile kuliko kwa ajili ya ndege.

Uzi wa mpira uviringwe kwa mkono, pole, ukinyooka bila kuvutwa. Juu, kwenye sindano, wekeni uzi wa kawaida wa rangi ya kitambaa. Hatua za mshono ziwe ndefu, milimeta 3 au 4. Kitambaa kilale uso juu, ili uzi wa mpira ukae upande wa ndani, usionekane.

Kabla ya kugusa gauni, chukueni toka kile kipande kilichobaki ukanda wenye urefu wa sentimeta 30 na upana wa 10. Hicho ndicho kile kitu tulichokisema. Pigeni juu yake mistari 6 ya uzi wa mpira, mmoja chini ya mwingine, sentimeta 1 kati ya mstari na mstari. Msikate tamaa kwa mstari wa kwanza. Huo huvuta kidogo tu, na mingine huja kuusaidia. Mkimaliza, pitisheni juu yake mvuke wa pasi: lazeni kitambaa kibichi juu ya marinda, na pasi ya moto iwe juu yake kwa umbali wa kidole, isiguse. Mtaona marinda yakijikunyata yenyewe. Yakipoa, pimeni.

Wanafunzi washike kalamu tena. Tuseme ukanda wa 30 umerudi ukawa 16. Je, kitambaa cha 105 kitakuwa ngapi? Zidisheni 105 kwa 16, gawanyeni kwa 30, mpate 56. Mtoto ana kifua cha 60, basi 56 ni kipimo kizuri: gauni litamshika bila kumbana, na litamfuata akipumua. Kwa kawaida nguo hii ikiwa imelala mezani iwe pungufu ya kifua kwa sentimeta 3 hadi 5. Lakini kama ukanda umerudi 21, hesabu itasema 73 na nusu, na gauni litamwanguka mtoto mbele ya darasa. Na kama umerudi 12, hesabu itasema 42, mtakuwa mmerudia kosa letu la alama nyekundu.

Katika hali ya kwanza ongezeni urefu wa hatua, au kazeni skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kikasha cha bobini, robo ya mzunguko tu. Katika hali ya pili ilegezeni kwa kiasi kilekile. Lakini kwanza tieni alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa imekaa, ili mkimaliza muirudishe; bila hivyo mtasumbuka juma zima mkishona shuka. Kisha kateni ukanda mwingine, mjaribu upya. Mama wa Uvira aliuliza juu ya patroni. Ukanda huu wa 30 ndio patroni ya gauni hili, nao haununuliwi. Unatoka katika kitambaa kilekile, umepitia katika mashini ileile, kwa uzi uleule. Hakuna karatasi iwezayo kusema kweli kuliko huo. Na fundi anayeruka kazi hii, hata awe na miaka 20 ya ufundi, anabahatisha.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Kunjeni ukingo wa juu sentimeta 1, kisha 2, upigwe pasi. Kama ukingo huo ndio ule wa kiwandani, wenye maandishi ya kampuni, hakikisheni maandishi yameingia ndani ya mkunjo. Tumewahi kumwona mtoto mzuri anayetangaza kiwanda mgongoni. Mstari wa kwanza wa mpira upite juu ya mkunjo huo na kuushika. Kisha endeleeni kushuka, mstari baada ya mstari, mkitumia ukingo wa mguu wa mashini kuwa kipimo cha nafasi. Toka mstari wa pili, nyosheni kwa mikono miwili ile mistari iliyotangulia, mbele na nyuma ya sindano, ili kitambaa kipite kikiwa bapa. Msipofanya hivyo mtashona mikunjo juu ya mikunjo. Kwa mashini ya kuzungusha kwa mkono, mtoto mkubwa azungushe, mama ashike kitambaa. Ni kazi ya watu wawili, na maongezi mengi hufanyika hapo. Kila mwanzo wa mstari tazameni bobini, maana uzi wa mpira ni mnene, hauingii mwingi, nao huisha katikati bila kuaga. Mistari 12 kwa mkubwa, 9 kwa mdogo. Acheni ncha za nyuzi kila upande, kiasi cha vidole viwili, mzifunge kwa fundo mbilimbili.

Sasa kunjeni gauni uso kwa uso, mshone mshono mmoja tu toka juu hadi chini, kwa uzi wa kawaida juu na chini. Ule mshono upite ndani ya mafundo mliyoyafunga, tena mara mbili mahali penye marinda, kwa maana ndipo mpira unapovuta na kutaka kuchomoka. Mshono huo utakaa nyuma, katikati ya mgongo.

Zimebaki kanda. Wengi huweka nne nyembamba, mbili mbele na mbili nyuma, zifungwe mabegani kwa fundo la kipepeo. Kateni kila moja upana wa 8 na urefu wa 40, ikunjwe pande zote mbili kuelekea katikati, kisha ikunjwe tena na kushonwa. Itakuwa na upana wa sentimeta 2. Mpimie mtoto akiwa amevaa: vidole vinne vya mama toka katikati ya kifua, kila upande, tieni pini. Nyuma vilevile toka kwenye mshono. Mtoto atulie, pini zina ncha.

Twajua kwamba baadhi ya wazazi hawatapenda binti aende kanisani au shuleni mabega wazi, na walimu wengine watamrudisha. Wasiache gauni kwa sababu hiyo. Badala ya kanda nne, wakate vipande viwili vya upana wa 20 na urefu wa 45, wakunje kingo ndefu, wavute kila mwisho kwa uzi wa kawaida hadi ubaki upana wa 6, kisha waushone ndani ya marinda mbele na nyuma. Kipande hicho kitafunika bega na kushuka juu ya mkono kama bawa. Katika kile kipande cha 50 kwa 105 vipande hivyo viwili vyatoka pamoja na ukanda wa majaribio, na hubaki kitambaa cha kutosha kilemba. Kwa maoni yetu gauni la mabawa ni zuri kuliko la kanda, hata pasipo kumfikiria mwalimu.

Pindo la chini lishonwe mwisho kabisa, mtoto akiwa amevaa. Kunjeni 1 kisha 4. Msipunguze pindo ili kuokoa kitambaa.

Na yule asiye na mashini? Tumeulizwa hili pia, na akina mama wa vijijini. Uzi wa mpira kwa mkono hushoneka, lakini haudumu, kwa kuwa mkono hauvuti sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Afadhali wakunje kingo ya juu iwe njia, washone chini yake mstari mwingine au miwili ya njia kama hiyo kwa ukanda wa kitambaa uliowekwa ndani, wapitishe lastiki bapa ya milimeta 6 kwa msaada wa pini yenye kifungo. Lastiki hukatwa pungufu ya kifua kwa sentimeta 4 au 5. Gauni litakuwa na marinda mistari miwili au mitatu badala ya 12, nalo litakaa vizuri. Ila wasitumie vipande vya mpira wa baiskeli, ambavyo vijana hutengenezea manati. Vinatia kitambaa weusi usiotoka, navyo hunata jasho.

Kuhusu kufua, maji yawe baridi au ya uvuguvugu, wala msikamue penye marinda kwa kusokota, kandamizeni tu. Nguo ianikwe kivulini, kwa kuwa jua la mchana hukausha mpira mpaka ukavunjika. Pasi ya makaa ipite kwenye sketi peke yake. Juu ya marinda isikanyage kamwe, hata kama yanaonekana kukunjamana, yameumbwa kukunjamana.

Mtoto atakua, na hapo ndipo mtakapoona faida ya pindo la 4. Kifua kikiongezeka sentimeta 4 au 5 mpira utafuata, hamna la kufanya. Kanda zitafungwa karibu na ncha zake. Mwaka wa pili fumueni pindo la chini, mlishushe. Mkunjo wa zamani utaacha mstari uliopauka, ambao hautoki kwa sabuni. Chukueni basi kile kipande cha 65 kwa 78 kilichobaki kwenye gauni la mdogo, mkate kanda mbili za upana wa 6, mziunge, mzishone juu ya mstari huo kuzunguka gauni. Mbili zikiungwa hupita sentimeta 150, na pindo la mkubwa halifiki hata 105. Ile nyongeza ndefu iliyobaki, mtoto mwenyewe atajua la kuifanyia. Wa kwetu aliifunga shingoni mwa mwanasesere, na ndege walioonekana humo walikuwa wamesimama.